Mmea Unapodumaa Bila Ugonjwa: Kutafuta Kizuizi cha Usanisinuru Dalili kwa Dalili

Mmea unaweza kupewa maji, mbolea na nafasi ya kutosha, usishambuliwe na ugonjwa wowote unaoonekana, na bado ukadumaa. Katika hali kama hiyo inafaa kushuku kwamba tatizo limo katika kazi ya msingi kabisa ya jani, yaani usanisinuru, ambao hutumia nishati ya mwanga kuunganisha maji na hewa ukaa (kabonidayoksaidi) ili kupata sukari. Kazi hiyo haisimami ghafla ila mara chache. Kwa kawaida hupungua kasi kidogo kidogo, na mmea huonyesha upungufu huo kwa dalili ambazo, zikisomwa kwa makini, huelekeza kwenye sababu.

Kabla ya kuzifikia dalili ni lazima kueleweka mahali ambapo kazi inaweza kukwama. Usanisinuru una hatua mbili zinazotegemeana. Katika hatua ya kwanza klorofili, ile rangi ya kijani iliyomo ndani ya kloroplasti (vyumba vidogo vilivyo ndani ya seli za jani), hunasa mwanga, na nishati inayopatikana hutumika kupasua molekuli za maji. Oksijeni hutolewa nje, ilhali elektroni hupitishwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka vitengenezwe vibebaji viwili vya nishati vinavyojulikana kwa vifupisho vya ATP na NADPH. Hatua ya pili haihitaji mwanga moja kwa moja. Hewa ukaa iliyoingia kupitia stomata, yaani vitundu vidogo sana vilivyo hasa upande wa chini wa jani, hunaswa na kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) kiitwacho rubisko, kisha vile vibebaji vya nishati hutumika kuigeuza kuwa sukari. Mzunguko wa hatua hiyo ulifafanuliwa na Melvin Calvin pamoja na wenzake, na kwa kazi hiyo Calvin alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961.

Kutokana na maelezo hayo inaonekana wazi kwamba mwanga, maji, hewa ukaa, joto, klorofili na vimeng'enya vyote vinahitajika kwa pamoja. Mwaka 1905 mwanasayansi wa mimea wa Uingereza, Frederick Blackman, alieleza kanuni ambayo kila mchunguzi anapaswa kuanza nayo: mchakato unaotegemea mambo kadhaa huenda kwa kasi inayoruhusiwa na lile jambo lililo pungufu kuliko yote kwa wakati huo. Msafara huenda kwa mwendo wa ngamia wa nyuma kabisa, na kumharakisha ngamia wa mbele hakuwafikishi wasafiri mapema. Ndiyo maana mbolea inayotiwa kwenye mmea ulioko kivulini haileti matokeo, na taa ya ziada juu ya mmea uliofunga stomata kwa kiu huongeza madhara badala ya chakula. Kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko mengine yote katika utunzaji wa mimea ni kuongeza kitu kabla ya kujua ni kipi kilichopungua.

Maswali ya kujibu kwanza

Je, dalili zimeanzia kwenye majani ya chini, ambayo ni ya zamani, au kwenye majani machanga ya juu? Je, jani lote limebadilika rangi, au ni nafasi zilizo kati ya mishipa tu? Je, hali hubadilika kati ya asubuhi, mchana na jioni? Je, mimea yote ya mahali hapo imeathirika, au ni mmoja tu, au ni ile ya upande mmoja? Majibu ya maswali haya manne huondoa nyingi ya sababu zinazowezekana kabla ya kipimo chochote kufanyika. Yafaa pia kujua ulikotoka mmea na mabadiliko uliyoyapata karibuni, kama vile kuhamishwa, kupandwa upya au kunyunyiziwa dawa.

Dalili: shina refu na jembamba, majani yaliyoachana mbali, mmea unaoegemea upande mmoja

Hii ni dalili ya upungufu wa mwanga, na haihitaji uchunguzi mrefu. Mmea unatumia akiba yake kurefusha shina ili kuufikia mwanga, na majani hujitandaza yakawa mapana na yenye unene mdogo. Kinachowapotosha watu wengi ni jicho lao wenyewe. Jicho la binadamu hujirekebisha kulingana na mazingira, hivyo chumba ambacho kwetu kinang'aa vizuri kinaweza kuwa na mwanga wa luksi (kipimo cha mwangaza) 500 tu, wakati jua kali la nje hufikia luksi 100,000. Kwa mimea mingi ya mahali pa wazi, kiwango hicho cha ndani hukaribia ile hali ambayo sukari inayotengenezwa inalingana tu na ile inayotumiwa na mmea katika upumuaji wake. Mmea ulio katika hali hiyo haukui. Unaishi tu, na ukiongezewa usiku wa joto, ambao huharakisha upumuaji, huanza kula akiba yake.

Tiba ni kuusogeza karibu na mwanga au kuongeza muda wa mwanga. Anayetumia taa akumbuke kwamba nguvu ya mwanga unaotoka kwenye taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: taa ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye jani hubaki robo. Rangi ya mwanga nayo ina uzito. Mimea hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700, na klorofili hunasa zaidi ule wa bluu na ule mwekundu. Hata hivyo si sahihi kusema kwamba mwanga wa kijani haufai kabisa, kwa kuwa sehemu yake hupenya na kufika kwenye seli za ndani ya jani, ambako mwekundu na wa bluu vimekwisha kunaswa juu, nao hutumika huko.

Kinyume cha hali hii hutokea mmea uliozoea kivuli unapotolewa ghafla kwenye jua kali. Baada ya siku chache mabaka meupe au ya rangi ya majani makavu hujitokeza kwenye sehemu zilizoelekea jua. Hapo jani limenasa mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia, na nishati iliyozidi imeharibu mitambo ya hatua ya kwanza. Jani la kivulini hufikia kikomo chake kwa mwanga mdogo tu, na hata majani ya jua ya mimea mingi, kama maharage na ngano, hufikia kikomo kabla ya nusu ya nguvu ya jua la adhuhuri. Mmea wa aina hiyo uzoeshwe jua hatua kwa hatua kwa wiki moja au mbili ili utoe majani mapya yaliyojengwa kwa mwanga huo.

Dalili: majani yamepoteza kijani chake

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu manjano ya majani huchukuliwa kuwa jambo moja lenye tiba moja. Manjano maana yake ni kwamba klorofili imepungua. Kwa nini imepungua ni suala jingine, na mahali yalipoanzia ndipo penye jibu.

Manjano yakianzia kwenye majani ya chini na kulifunika jani zima, pamoja na mishipa yake, mshukiwa wa kwanza ni naitrojeni. Madini haya yamo ndani ya klorofili, lakini yamo kwa wingi zaidi ndani ya protini za kloroplasti, na rubisko peke yake huchukua sehemu kubwa ya naitrojeni ya jani. Sababu ya wingi huo ni kwamba kimeng'enya hiki ni cha polepole mno: kila kimoja hushughulikia molekuli chache tu za hewa ukaa kwa sekunde, hivyo mmea hulazimika kukitengeneza kwa kiasi kikubwa. Naitrojeni ikiadimika, mmea huvunja protini za majani ya zamani na kuyapelekea machanga, na ndiyo maana ya chini hutangulia kupauka. Mbolea yenye naitrojeni, au mboji na samadi iliyooza vizuri, hurekebisha hali hiyo, ila tu mwanga na maji viwe vya kutosha.

Yakianzia kwenye majani ya chini vilevile, lakini mishipa ikabaki ya kijani huku nafasi za katikati zikipauka, hiyo ni alama ya upungufu wa magnesiamu. Chembe moja ya magnesiamu hukaa katikati ya kila molekuli ya klorofili, na bila hiyo rangi ya kijani haiwezi kuundwa. Upungufu huu hutokea mara nyingi kwenye udongo wa kichanga, au wenye asidi nyingi, au uliotiwa potasiamu kupita kiasi, kwa sababu potasiamu ikizidi huizuia magnesiamu kuingia kwenye mizizi. Katika hali ya mwisho anayetaka kuutibu mmea kwa kuongeza mbolea ya kawaida yenye potasiamu anazidisha ugonjwa.

Ikiwa mishipa ni ya kijani na katikati pamepauka, lakini kwenye majani machanga ya juu, sababu inayoelekea zaidi ni chuma, ambacho hakihamishiki kwa urahisi kutoka majani ya zamani. Chuma si sehemu ya klorofili, lakini huhitajika katika kuiunda na katika protini zinazopitisha elektroni. Jambo la kuzingatia ni kwamba udongo mara chache huwa hauna chuma. Kwa kawaida chuma kimo, lakini asidi ya udongo imepungua, yaani pH, kipimo cha asidi, imepanda juu ya 7, na chuma kimegeuka kuwa hali isiyoyeyuka ambayo mizizi haiwezi kuichukua. Maji ya kumwagilia yenye chokaa nyingi huweza kuileta hali hiyo polepole. Kwa hiyo pH ipimwe kwanza, na ikiwa iko juu, tiba ya kudumu ni kuishusha. Chuma cha kunyunyizia kwenye majani husaidia kwa muda tu. Upungufu wa manganisi hufanana sana na huu na mara nyingi huletwa na pH hiyohiyo, na madhara yake ni ya moja kwa moja, kwa kuwa chembe nne za manganisi pamoja na moja ya kalisi ndizo zinazofanya kazi ya kupasua maji.

Majani machanga yakipauka yote pamoja na mishipa yake, fikiria salfa. Kingo za majani ya chini zikiungua na kukauka, fikiria potasiamu, ambayo kuingia na kutoka kwake katika seli zinazolinda stomata ndiko kunakozifungua na kuzifunga. Fosforasi ina dalili inayodanganya: jani haligeuki manjano bali huwa la kijani kilichokolea, wakati mwingine lenye wekundu wa zambarau, na mmea hubaki mdogo. Kloroplasti hutoa sukari nje kwa kubadilishana na fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni. Fosfeti ikikosekana, sukari hukwama ndani na kazi yote hupungua ingawa klorofili ipo tele.

Lazima niongeze tahadhari kuhusu majani yasiyo ya kijani kwa asili. Jani jekundu au la zambarau huwa na klorofili ya kawaida iliyofunikwa na rangi nyingine, na ukilichemsha, mara nyingi ule wekundu hutoka kwenye maji na kijani kikaonekana. Mabaka meupe ya mimea ya mapambo, kwa upande wake, kwa kawaida hayana klorofili na hulishwa na sehemu za kijani. Mmea wa aina hiyo utakua polepole daima, na hakuna mbolea itakayobadilisha hilo. Halikadhalika jani la chini kabisa linalozeeka na kuanguka, moja moja, si dalili ya upungufu wowote.

Mwisho, manjano ya majani yote ya chini katika udongo uliolowa muda wote hayatokani na ukosefu wa madini katika udongo. Mizizi iliyozama majini hukosa oksijeni, hushindwa kupumua, na isipopumua haiwezi kufyonza madini wala maji yaliyoizunguka.

Dalili: mmea hunyauka mchana au majani hujikunja

Maji yanayotumika katika usanisinuru wenyewe ni kidogo mno, chini ya asilimia 1 ya yale yanayofyonzwa na mizizi. Karibu yote yanayobaki hupotea angani kupitia stomata. Kwa nini, basi, kiu hupunguza usanisinuru haraka hivyo? Sababu ni kwamba mlango unaotoa mvuke wa maji ndio huohuo unaoingiza hewa ukaa. Mizizi ikihisi ukavu, kemikali ya onyo iitwayo asidi ya absisiki huongezeka katika majani na kuzifunga stomata. Maji huokolewa, lakini hewa ukaa iliyo ndani ya jani huisha upesi na rubisko hukosa cha kunasa. Upungufu wa kasi kwa hiyo hutangulia mnyauko. Mmea unaosubiriwa unyauke ndipo umwagiliwe umekwisha kupoteza saa nyingi za kazi.

Ili kutofautisha sababu, tazama mmea asubuhi mapema. Ukiwa umesimama imara alfajiri na kunyauka adhuhuri tu, mizizi inafanya kazi, lakini hewa ni kavu au ya joto kiasi kwamba majani hupoteza maji haraka kuliko yanavyoletwa. Mimea mingi hupunguza kasi yake adhuhuri kwa njia hii hata udongo ukiwa na unyevu, kisha huirudia kazi alasiri. Matandazo juu ya udongo, kivuli chepesi cha mchana na kukinga upepo hutosha. Ukiwa umenyauka hata alfajiri, chimba kidogo na uguse udongo kwa kina cha kidole. Udongo mkavu unaeleza wenyewe. Udongo uliolowa chini ya mmea ulionyauka ni ishara ya mizizi iliyooza au iliyokosa hewa, na kuongeza maji hapo ni kuumaliza. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, huenda chumvi imelimbikizana kutokana na mbolea nyingi au maji ya chumvi, na mizizi hushindwa kufyonza maji ingawa yapo. Udongo usafishwe kwa maji mengi safi yanayopita na kutoka chini.

Dalili: majani ya kijani, mwanga na maji ya kutosha, lakini ukuaji haupo

Hili ndilo tatizo linalohitaji subira, kwa sababu jicho halioni kitu. Kuna mambo matatu ya kuchunguza.

La kwanza ni joto. Vimeng'enya vya hatua ya pili hufanya kazi polepole kwenye baridi, na kasi huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopanda, hadi kufikia kikomo cha mmea husika. Kwa mimea kama mpunga, ngano, viazi na maharage, hali nzuri ni kati ya nyuzi 20 na 30 hivi. Joto likizidi hapo, rubisko huanza kukosea mara nyingi zaidi: badala ya hewa ukaa hunasa oksijeni, na mmea hulazimika kutumia nishati kurekebisha kosa hilo huku ukipoteza hewa ukaa iliyokwisha kunaswa. Hata kwenye nyuzi 25 hasara hii huweza kufikia robo ya kazi yote. Mahindi, mtama na muwa vina njia nyingine, ambapo hewa ukaa hunaswa kwanza na kimeng'enya kisichokosea, kisha hukusanywa kwa wingi kuizunguka rubisko. Kwa sababu hiyo mimea hii hustawi kwenye nyuzi 30 hadi 40, lakini huumia mapema kwenye baridi. Nanasi na mkonge hufungua stomata usiku na kuhifadhi hewa ukaa kama asidi mpaka jua litoke. Mimea hiyo hukua polepole kwa asili yake, na kuishutumu kwa udumavu ni kuionea.

La pili ni hewa ukaa yenyewe. Angani imo kwa kiasi cha sehemu zaidi ya 420 katika kila milioni, yaani takribani asilimia 0.04, na kwa mimea mingi kiasi hicho bado ni pungufu mwanga unapokuwa mwingi. Mahali pa wazi haiishi, kwa sababu upepo huileta. Ndani ya kitalu nyumba kilichofungwa chenye mimea mingi hali ni tofauti: asubuhi yenye jua hewa ukaa inaweza kushuka chini ya sehemu 200 katika milioni, na usanisinuru hushuka pamoja nayo, ingawa kila kitu kingine kiko sawa. Mimea ya katikati hudumaa kuliko ile iliyo karibu na mlango, na hiyo ndiyo alama ya kutafuta. Kufungua madirisha mapema na kuizungusha hewa kwa feni hutosha katika hali nyingi. Wakulima wengine huongeza hewa ukaa hadi sehemu 800 au 1,000 katika milioni, lakini jambo hilo lina maana tu mwanga ukiwa mwingi, na mahali hapo pawekwe kipimo, kwa kuwa hewa hii ikilimbikizana huwadhuru watu. Kwa mimea iliyozama majini tatizo ni kubwa zaidi, maana hewa ukaa husafiri ndani ya maji yaliyotulia polepole karibu mara 10,000 kuliko angani. Mtiririko mdogo wa maji unaweza kuusaidia mmea kuliko taa yenye nguvu.

La tatu husahaulika na wengi: huenda jani linatengeneza chakula vizuri, lakini hakuna kinachokipokea. Sukari inayotengenezwa husafirishwa kwenda kwenye mizizi, matunda, viazi na vichipukizi. Mmea ulioondolewa matunda yote, au ambao mizizi yake imejibana ndani ya chungu kidogo, au ambao ganda la shina lake limechubuliwa kulizunguka, hukosa pa kupeleka sukari. Wanga hulimbikizana kwenye majani, nayo huwa mazito na ya kukakamaa, kisha mmea wenyewe hupunguza utengenezaji wa rubisko na klorofili. Utoe mmea kwenye chungu uone mizizi, na ukiikuta imejizungusha, uhamishie kwenye chombo kikubwa zaidi.

Dalili zilizo juu ya uso wa jani

Vumbi, ukungu mweusi unaoota juu ya utomvu mtamu wa vidukari na inzi weupe, au ubwiri unga, vyote huzuia mwanga usiifikie klorofili. Futa au osha jani, kisha ushughulikie wadudu waliouleta ukungu huo. Vitone vidogo vingi vya rangi hafifu, vyenye utando mwembamba upande wa chini, ni kazi ya utitiri, ambao hufyonza seli moja baada ya nyingine pamoja na kloroplasti zake. Ikiwa manjano na ukavu vimeanzia kwenye kingo za majani ya zamani muda mfupi baada ya dawa ya magugu kutumika mahali hapo au jirani, usiitafute sababu kwenye mbolea: dawa kama atrazini huua kwa kuzuia elektroni zisipite katika hatua ya kwanza ya usanisinuru, na mmea usiolengwa huathirika vivyo hivyo.

Majaribio ya maabara yanapokataa

Wanafunzi na walimu hukutana na usanisinuru kupitia majaribio mawili, na yote mawili hushindwa kwa sababu zinazojulikana.

Katika kupima wanga kwa iodini, ambayo hugeuka bluu nyeusi ikikuta wanga, jani likibaki la kahawia lote, kwanza hakikisha kwamba lilichemshwa kwenye maji kabla ya kutiwa kwenye spiriti ya moto, kwa kuwa bila kuchemshwa seli haziiruhusu iodini kuingia. Spiriti ipashwe kwa kuwekwa ndani ya maji ya moto, kamwe isiwekwe juu ya moto wa wazi, maana mvuke wake hulipuka. Baada ya hapo jani lisafishwe kwa maji na liachwe lipoe: rangi ya bluu nyeusi hupotea kwenye joto kali, na majaribio mengi mazuri yamehesabiwa kuwa yameshindwa kwa sababu tu jani lilikuwa bado la moto. Angalia pia aina ya mmea, kwa maana jani la kitunguu huhifadhi sukari badala ya wanga, na halitageuka bluu hata likikaa juani siku nzima. Tatizo la kinyume, yaani sehemu ya jani iliyofunikwa isipate mwanga nayo kugeuka bluu, humaanisha kwamba mmea haukuwekwa gizani vya kutosha kabla ya jaribio. Saa 24 ni kiwango cha chini, na saa 48 ni salama zaidi.

Katika kuhesabu mapovu ya oksijeni ya mmea wa majini ili kujua kasi ya usanisinuru, mapovu yasipotoka kabisa, kata ncha ya shina upya na uielekeze juu, kisha uyeyushe sodiamu baikaboneti kidogo ndani ya maji, hasa kama maji yaliwahi kuchemshwa, kwa sababu kuchemsha hufukuza hewa ukaa iliyoyeyuka. Mapovu yakitoka bila mpangilio, subiri dakika kadhaa kila unaposogeza taa, ili mmea ufikie kasi yake mpya kabla ya kuhesabu. Kosa lisiloonekana ni joto la taa: taa ikisogezwa karibu huongeza mwanga na joto kwa pamoja, na mhesabuji hajui ni kipi kilicholeta mabadiliko. Chombo cha kioo chenye maji safi kikiwekwa kati ya taa na mmea hunyonya sehemu kubwa ya joto hilo. Aidha, maji yanayopata moto hutoa mapovu ya hewa iliyoyeyuka hata pasipo mmea, hivyo chombo cha pili kisicho na mmea, kilichowekwa umbali uleule, ni lazima kiwepo ndipo hesabu iaminike.

Kupima kama tiba imefaulu

Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na ikiwezekana uache mmea mmoja bila kuguswa ili ulinganishe. Muda wa kusubiri hutegemea kizuizi kilichoondolewa. Mmea wenye kiu hufungua stomata ndani ya saa chache hadi siku kadhaa, kulingana na ukali wa ukavu uliopita. Naitrojeni huonekana kwenye rangi ya majani ndani ya wiki moja au mbili hivi. Pale ambapo pH ya udongo ndiyo iliyokuwa kizuizi, mabadiliko huchukua miezi, na dalili ya kwanza ya mafanikio ni kichipukizi kipya kinachotoka kikiwa kijani ingawa majani yaliyokitangulia bado yamepauka. Majani yaliyoungua kingo au yaliyoharibiwa na jua hayatarudi yalivyokuwa, kwa hiyo tiba isipimwe kwayo; yale ambayo bado yana sehemu kubwa ya kijani yaachwe mpaka mapya yakomae, kwa kuwa hadi wakati huo ndiyo yanayoulisha mmea.